Mstari wa Mkono wa Kushoto

Mwanamke aliyepoteza vidole vyake kwa sababu ya mstari ambao mimi sikuuandika alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Ziwani, mlango kwa mlango, na sikumpenda hata chembe. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma baadaye. Watu wakisimulia makosa yao hupenda kuanza na wema wao. Mimi sina wa kuanzia.

Ugomvi wetu ulitokana na kamba ya kuanikia nguo. Nyumba zetu ziligawana ua mmoja na kamba moja, na yeye alikuwa na desturi ya kusukuma nguo zangu hadi mwisho kabisa, zikarundikana huko bila kukauka, ili shuka zake zipate jua. Nilimwambia. Akanijibu kwamba kamba hiyo ilifungwa na marehemu mumewe na asiyeipenda aanike kichwani. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, akamtolea maneno kwa lugha yetu ya magharibi, naye akayarudisha kwa lugha yao ya kati, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Tangu siku hiyo salamu zetu zilikuwa kusonya.

Isitoshe, alikuwa na shoto. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kuchota maji, kupiga pasi, kukata mboga, hata kukunyooshea kitu. Mama alikuwa amenilea kwa kofi la mgongo wa mkono kila nilipotoa wa kushoto kupokea chakula, na kumwona mtu mzima akikupa kitu kwa mkono huo ilikuwa sawa na tusi. Siku moja aliniokotea kibanio cha nguo kilichoanguka, akaninyooshea kwa kushoto. Nilimwacha na mkono wake hewani mpaka alipobadilisha. Nilifurahi siku nzima.

Balaa ni kwamba tulifanya kazi kiwanda kimoja, huko Baba Dogo, kiwanda cha kutengeneza makarai ya mjengo. Yeye alikuwa upande wa kukunja kingo na alikuwa amekaa hapo miaka mingi. Mimi niliajiriwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na diploma ya umeme na koti jeupe ambalo sikuhitaji kulivaa lakini nilivaa. Kiwanda kizima wanawake wenye diploma tulikuwa mmoja. Nilihakikisha kila mtu anajua.

Moyo wa kiwanda ulikuwa presi. Unalaza bamba la bati juu ya kalibu, kisha kichwa kizito cha chuma kinashuka polepole, kinalibonyeza, na bamba linakuwa karai. Ili mikono ya mtu isiwe ndani kichwa kinaposhuka, presi ina vitufe viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, mbalimbali kiasi kwamba huwezi kuvifikia kwa mkono mmoja. Lazima uvishikilie vyote viwili ndipo kichwa kishuke. Ukiachilia chochote kati ya hivyo, kinasimama papo hapo. Huo ndio ulikuwa ulinzi wote wa wafanyakazi wale, na ulitosha.

Vitufe hivyo viliongozwa na sanduku la rilei, zile swichi za sumaku zinazolia ta-ta-ta, na sanduku lilitunzwa na fundi wa umeme, mzee mmoja aliyenuka ugoro na kulala kila siku baada ya chakula cha mchana. Rilei zilikuwa zinaungua ncha. Haikupita wiki bila presi moja kulala. Mwenye kiwanda akachoka, akaniita ofisini, akauliza kama ninaweza kumtengenezea kitu cha kisasa kisichochoka, na ambacho kitamhesabia makarai chenyewe. Nikasema naweza. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri.

Fundi alipokuta nimelifungua sanduku lake alisimama mlangoni akinitazama kama mtu aliyemkuta mgeni akipekua chungu chake.

"Batani mbili, waya moja," akasema. "Ukikata popote, imekatika. Sasa kompyuta inataka kuongeza nini hapo?"

"Akili," nikamjibu.

Alichukua koleo yake akaenda zake. Nilidhani nimemshinda.

Watu hufikiri kutengeneza chipu ni kuchora nyaya. Sisi hatukuchora, tuliandika. Ipo lugha ya kueleza saketi kwa maneno, na nilikuwa nimejifunza chuoni kwa kitabu cha fotokopi ambacho kurasa zake za mwisho zilitoka zote nyeusi. Unaandika kile unachotaka kitokee. Kisha programu ya kompyuta inasoma maandishi yako na kuamua yenyewe ni vifaa gani vinahitajika. Huiambii "nipe kijumlishi". Unaweka tu alama ya kujumlisha, nayo inatambua kwamba hapa kinatakiwa kijumlishi. Ukiandika "ikiwa hiki, basi kile, la sivyo kingine", inatambua kwamba hapa kinatakiwa kichaguzi, swichi ya kuchagua kati ya njia mbili. Ukitaja mpigo wa saa, inaelewa kwamba unataka kisanduku kinachotunza thamani na kuibadilisha saa inapopiga. Ukisema kila mpigo uongeze moja juu ya kilichomo, imekwisha kukujengea kihesabio. Mara ya kwanza nilipoona mistari yangu kumi imegeuka kihesabio kinachofanya kazi, machozi yalinilenga. Nilihisi nimeeleweka, jambo ambalo nyumbani halikuwa likitokea sana.

Lakini programu hiyo ina tabia moja ninayoichukia mpaka leo. Haiulizi. Ukiiambia kila hali ina jibu gani, itakujengea milango ya kawaida isiyokumbuka chochote: yanayoingia sasa ndiyo yanayoamua yanayotoka sasa. Ukiisahau hali moja, haikwambii "hapa hujasema". Inakuchukulia ukimya wako kuwa amri. Inajiambia kwamba kwa kuwa hukutaja la kufanya, basi unataka jibu la mwisho libaki lilivyokuwa. Na jibu la mwisho haliwezi kubaki bila kitu cha kulishika, kwa hiyo inakujengea kumbukumbu ambayo hukuiomba. Chuoni tuliiita lachi. Mhadhiri alituonya juu yake mara moja tu, mchana wa Ijumaa, nusu ya darasa ikiwa imesinzia. Mimi sikusinzia, nilisikia na nikaandika. Kwa hiyo siwezi hata kujitetea kwamba nilikuwa mjinga.

Vitufe viwili vina hali nne tu, mtoto wa darasa la pili anaweza kuzitaja. Niliandika: vyote viwili vimebonyezwa, shuka. Hakuna kilichobonyezwa, simama. Kushoto peke yake, simama. Hii ya tatu niliiandika kwa makini, kwa sababu nilikuwa nimewaona wafanyakazi. Bamba likipinda, mtu ananyoosha mkono wa kulia kuliweka sawa, na wa kushoto unabaki kwenye kitufe. Mkono wa kulia ndio wa kazi, ndio unaoondoka kwanza. Nikajisifu kwa kulifikiria hilo, kisha nikaenda kunywa chai.

Hali ya nne, ya kulia peke yake, mkono wa kushoto ukiwa umeondoka, sikuiandika. Si kwamba niliifikiria nikaipuuza. Haikunijia kabisa. Kwetu mkono wa kushoto haukuwa mkono wa kuanza kazi yoyote, na kichwa changu kilikuwa kimejaa hivyo bila mimi kujua.

Programu ilisoma, ikatafakari kwa dakika kadhaa huku diski ikikwaruza, ikaniandikia kwenye kioo: makosa, sifuri. Chini yake kulikuwa na orodha ndefu ya maonyo. Maonyo yalikuwa hayaishi siku zote, mengi ya upuuzi, hili jina hulitumii, waya ule hauendi popote, na nilishazoea kuyapita kama mtu anavyowapita wauzaji wa soko la Gikomba wanaomvuta mkono. Nilisoma sifuri. Nikachoma chipu, nikaipachika kwenye bodi, bodi nikaifunga kwenye presi ya kwanza, na mwenye kiwanda akaja kutazama.

Nilisimama mwenyewe kwenye vitufe. Nikabonyeza vyote, kichwa kikashuka. Nikaachilia vyote, kikasimama. Nikarudia, safari hii nikaachilia cha kulia peke yake, kikasimama. Nikarudia tena na tena mpaka mwenye kiwanda akapiga makofi.

"Na ukiachilia hiyo ingine?" fundi akauliza kutoka nyuma.

"Mzee, ni kitu kimoja," nikasema, nami tayari nilikuwa nakusanya bisibisi zangu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mwingine kabisa.

Presi ile ilifanya kazi bila kulala hata siku moja. Mwendeshaji wake wa kila siku alikuwa kijana mwenye mikono ya haraka, wa kulia kama mimi, na aliisifu. Nilitembea kiwandani na koti langu jeupe kama bibi harusi. Kisha kijana akapewa ruhusa kwenda mazishini kwao, na msimamizi wa kazi akamtoa jirani yangu kwenye kingo, akamleta aendeshe presi. Kazi hiyo hakuwa mgeni nayo. Alikuwa ameendesha presi za rilei miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kingo.

Ilikuwa asubuhi ya kwanza, karai la tano au la sita. Nilisikia kelele nikiwa kwenye chumba changu cha kazi na mwanzoni nilidhani ni mkanda wa mashine umekatika. Nilipotoka, watu walikuwa wamemzunguka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye aproni, na aproni ilikuwa inabadilika rangi. Hakuwa akilia. Alikuwa akimfokea msimamizi.

"Niliachilia! Bati ilipinda, nikaachilia niinyooshe! Hiyo kitu haikusimama!"

"Haiwezi kukosa kusimama," msimamizi akasema.

"Nakwambia haikusimama!"

Macho yake yalinipata katikati ya watu wote wale. Wakampakia kwenye pikapu ya kiwanda wakampeleka hospitali.

Kabla ya chakula cha mchana tuliitwa ofisini, mimi, msimamizi na fundi. Msimamizi alikuwa amepekua mkoba wa jirani yangu na kupata vipande viwili vya raba ya tyubu. Kila mtu kiwandani alijua raba za aina hiyo zilivyotumiwa na wakora: unafunga vitufe viwili vikae vimebonyezwa muda wote, mikono inakuwa huru, na makarai yanatoka upesi. Fundi alisema raba zile mwanamke huyo huwa anafungia mkebe wake wa chakula, kila mtu amemwona. Mwenye kiwanda hakumgeukia. Alinigeukia mimi.

"Inaweza kushuka bila batani zote mbili?"

"Haiwezi," nikasema.

"Una uhakika?"

"Niliitengeneza mimi mwenyewe. Kama ilishuka na mkono wake ukiwa ndani, basi batani zilikuwa zimefungwa."

Sikuwa nimekagua chochote. Sikuwa nimefungua hata sanduku. Nilisema hivyo kwa sababu niliiamini kazi yangu na kwa sababu alikuwa yeye. Angekuwa yule kijana wa mikono ya haraka, pengine ningesema ngojeni kwanza niangalie. Barua ya kumfuta kazi kwa uzembe iliandikwa mchana ule ule, yeye akiwa bado juu ya meza ya daktari. Jioni niliporudi Ziwani, wanawake kwenye mfereji wa maji waliniuliza kulikoni, nikawaambia alifunga batani na raba. Nilisema kwa sauti ya kusikika. Kufikia giza mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba amejikata mwenyewe kwa tamaa.

Wiki mbili zilipita. Mwenye kiwanda alitaka presi nyingine tatu zifungwe chipu, akaniomba nimchapie karatasi za ile ya kwanza ziwekwe kwenye faili. Nikachapa taarifa nzima ya programu, karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na kwa kuwa printa ilikuwa ya polepole nilisimama hapo nikisoma mistari inavyotoka. Kuna ukurasa ambao programu inaorodhesha vitu ilivyovitambua katika maandishi yako. Kihesabio kimoja, ndiyo, cha makarai. Kilinganishi kimoja, ndiyo. Kisha: lachi, moja.

Mimi sikuwa nimeweka lachi.

Nilikaa chini. Nikatafuta kwenye maonyo, nikalipata katikati ya yale ya upuuzi, limesema wazi kwamba matokeo ya kushusha presi hayakupewa thamani katika hali zote, kwa hiyo yamewekewa kumbukumbu. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nikachukua penseli nikachora jedwali la mistari minne nyuma ya karatasi, nikajaza mitatu kutoka kwenye maandishi yangu. Wa nne ukabaki mtupu, na nikauona mkono wake ukinyooshwa.

Watu walipokwenda kula nilibeba kipande cha mbao hadi kwenye presi. Nikabonyeza vyote viwili, kichwa kikaanza kushuka. Nikaondoa mkono wa kushoto, nikausukuma ule ubao ndani, wa kulia nikauacha palepale. Chuma hakikusita. Kilishuka kwa mwendo ule ule wa taratibu mpaka ubao ukalia na kupasuka, na kilisimama tu nilipong'oa mkono wa kulia. Fundi alikuwa amelala juu ya magunia karibu na ukuta. Alifungua jicho moja, akatazama ubao, akanitazama mimi.

"Sasa utasema?" akauliza.

Nilisema, kwa namna yangu. Nilikwenda kwa mwenye kiwanda na karatasi zangu nikamweleza. Alisikiliza akichezea kalamu. Alipoelewa, aliuliza swali moja tu: nani mwingine anajua. Nikasema fundi. Akasema fundi hajui kusoma karatasi hizo. Kisha akazivuta upande wake wa meza, akazitia kwenye droo.

"Rekebisha," akasema. "Halafu tuendelee na zile tatu. Ama unataka nikuandikie na wewe barua?"

Nilirekebisha. Ilinichukua dakika kumi. Juu kabisa, kabla ya hali zote, niliandika mstari mmoja: simama. Maana yake, lolote nisilolitaja baadaye, jibu lake ni kusimama. Programu ikasoma tena, ikaorodhesha tena, na lachi haikuwepo. Nilijaribu na ubao mwingine, mkono wa kushoto kwanza, na kichwa kikasimama kama kinavyotakiwa. Dakika kumi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa hiyo nilimpelekea yeye. Nilijiambia kwa nini hakuacha vyote viwili kama watu wengine. Kwa nini atumie mkono huo. Nilichapa taarifa ya zamani mara ya pili, nikaificha chini ya godoro, na nikanyamaza siku tisa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa kanisani. Mlango ukabishwa, na nilipofungua nilimwona jirani yangu amesimama, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kubwa hadi kwenye kifundo. Sikuwa nimeusogelea mkono ule tangu siku ile. Nikitoka nilipita upande wa pili wa ua.

"Sijakuja kwa mema," akasema.

"Sema."

"Alhamisi kesi yangu na kiwanda iko ofisi ya leba. Mdosi wa kiwanda anasema nilifunga batani na raba. Anasema ni injinia alimwambia. Injinia ni wewe. Wewe uliniona?"

"Sikukuona."

"Sasa ulijuaje? Umenichafulia jina hapa mtaani kote, watoto wangu wanaulizwa shuleni. Niambie tu ulijuaje."

Ningeweza kufunga mlango. Nilikuwa nimeufunga mara nyingi mbele ya uso ule ule. Badala yake nilijikuta naokota kipande cha makaa kando ya jiko, nikachuchumaa hapo kizingitini na kuchora mistari minne sakafuni. Nikamwonyesha. Hapa mikono miwili, shuka. Hapa hakuna, simama. Hapa kushoto peke yake, simama. Nikafika kwenye mstari wa nne nikasita.

"Hapa hukuandika kitu," akasema.

"Sikuandika."

"Na kompyuta ikafanyaje?"

"Inashika jibu la mwisho. Na la mwisho lilikuwa shuka."

Alichukua muda mfupi kuelewa kuliko nusu ya darasa langu. Aliinama, akaweka kidole cha mkono wa kulia juu ya ule mstari mtupu.

"Huyu ni mtu ametoa kushoto kwanza."

"Ndiyo."

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo."

Alikipangusa kidole chake kwenye gauni.

"Nilipigwa kwa sababu ya huu mkono kutoka darasa la kwanza mpaka la nne," akasema. "Mwalimu alikuwa anaufunga na kamba kwa dawati. Lakini hata yeye alijua uko."

"Nisamehe."

"Weka samahani yako. Alhamisi saa tatu. Uje na hizo karatasi."

Na akaenda zake. Nitasema ukweli: nilimkasirikia. Nilikasirika kwamba ameniamuru, kwamba hakulia, kwamba hakuniachia hata nafasi ndogo ya kuonekana mwema kwa kusema. Nilisugua makaa sakafuni kwa kitambaa na maji, na hayakutoka yote. Mama aliporudi aliuliza ni uchafu gani huo. Nikamwambia. Aliweka mkoba wake chini, akasema kamba ya nguo na vidole vya mtu haviwekwi mizani moja, na kama sitaenda Alhamisi nisirudi kulala hapo.

Nilikwenda. Ofisi ya leba ilikuwa chumba chenye meza moja na benchi mbili zinazotazamana. Mwenye kiwanda na msimamizi walikaa benchi moja, wakaniachia nafasi katikati yao wakidhani nimekuja kwa upande wao. Niliketi benchi ile nyingine. Jirani yangu alisogea kando, si kunikaribisha bali nisimguse.

Afisa alikuwa mtu mtaratibu mwenye miwani. Alisoma barua ya kiwanda mpaka mwisho, akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyesema presi haiwezi kushuka bila vitufe viwili.

"Nilisema hivyo," nikajibu. "Si kweli. Ilikuwa inaweza."

Msimamizi aliinua kichwa. Nikatoa karatasi, nikaonyesha neno lile, nikaeleza kama nilivyoeleza kizingitini, mikono miwili, hakuna, kushoto, kulia. Afisa aliniomba nirudie mara mbili. Hakuwa na haja ya kuelewa chipu, alitaka kuelewa mkono.

"Kwa hivyo hakufunga batani."

"Hakufunga."

"Na mashine ilitengenezwa na nani ikawa hivyo?"

"Na mimi."

Mwenye kiwanda alinifuta kazi palepale, mbele ya afisa, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Afisa akamwambia anyamaze, akaendelea kuandika. Alipomaliza alisoma kwa sauti yale yote, kwamba mlalamikaji hakufanya uzembe, kwamba hakufunga kitu, kwamba alisema kweli tangu mwanzo. Jirani yangu alisikiliza akitazama ukuta. Kisha afisa akageuza karatasi na kumpa kalamu atie sahihi.

Aliishika kwa mkono wa kulia. Yule mwalimu wa kamba, miaka yake yote minne, hakuwa amefaulu. Kalamu ilikwaruza, ikachana karatasi kidogo, na kilichotoka hakikuwa jina la mtu. Akaiweka chini.

"Basi weka dole gumba," afisa akasema kwa upole, akasogeza kile kisahani cha wino. Akaangalia fomu. "La kushoto."

Jirani yangu alishika ncha ya bandeji kwa meno akaanza kuifungua, mzunguko baada ya mzunguko, ikimwangukia mapajani. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba sikuwa na mahali pa kutazama. Dole gumba lilikuwepo na kidole cha mwisho kilikuwepo. Katikati yake palikuwa pameshonwa. Alichovya gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi, akalikandamiza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha afisa akanisogezea karatasi hiyo hiyo mimi shahidi.

Nilitia sahihi yangu kwa mkono wa kulia, ile yenye mkia mrefu niliyokuwa nimeifanyia mazoezi chuoni. Ilichukua muda wa kupumua mara moja. Nilipoinua macho yeye bado alikuwa anahangaika kuzungusha bandeji kwa mkono mmoja, ncha inamponyoka, wino umeshachafua kitambaa cheupe. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Usinishike," akasema.